Mwenda wa Bayeke katika kesi ya muziki wa zamani na wa leo

Kila fasi siku hizi kesi ni ile ile. Kwa kilio, kwa ndoa, mu bisi ya kwenda kazini, watu wanaulizana: muziki wa wakati gani njo ulikuwa muziki wa kweli? Wazee waliokula pensheni ya Gécamines wanasema kwamba muziki uliisha na Grand Kallé, Franco na Tabu Ley. Wale waliowafuata wanaapa kwa Zaïko Langa Langa, iliyozaliwa Desemba 1969. Wadogo wao wanamutaja Wenge Musica. Vijana wenyewe wanacheka wote pamoja, wanafungua telefone, wanaongeza sauti ya Fally Ipupa.

Siye wa miaka arobaini na zaidi tuko katikati. Wazee wanatuhesabu kati ya vijana, vijana wanatuhesabu kati ya wazee. Njo maana tunasikia pande zote mbili. Na tumeona kintu kimoja: katika kesi hii yote, majina yanatoka Kinshasa, nyimbo ni za Lingala. Tangu UNESCO iandike rumba ya Congo katika mali ya ulimwengu, Desemba 2021, sauti za wazee zimepanda zaidi. Ni vizuri, hatukatai. Lakini mutu mumoja wa kwetu, aliyezaliwa kwa nchi ya shaba, akafanya kazi mu muji wa shaba, akaimba kwa Kiswahili hiki hiki tunachosema nyumbani, hakuna anayemuita kuwa shahidi. Leo tunamuita siye. Jina lake ni Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana kisha kama Mwenda wa Bayeke.

Mwana wa Bunkeya

Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, muji mukubwa wa Bayeke. Jina la Mwenda si jina la kuokota njiani. Njo jina la Mwenda Msiri, yule mwami aliyetawala Bunkeya hata wazungu wa Stairs wakamuua tarehe 20 Desemba 1891. Bayeke walitoka upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, juu ya biashara ya shaba na pembe. Walikuja na Kiswahili mudomoni. Kwa hiyo yule mutoto alizaliwa katika watu waliojua tayari kutembea mbali, kuchukua kintu cha wengine na kukifanya chao.

Bunkeya haiko mbali sana na Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati ule, jina la muzungu mumoja wa Union Minière. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1906. Ilijenga viwanda vya Panda na Shituru, na kambi za wafanyakazi kuzunguka viwanda hivyo. Ndani ya kambi walikaa watu wa kila kabila: Baluba, Bayeke, Balamba, Babemba, watu wa Kasai, watu wa Rwanda, watu waliotoka Rhodesia. Kila mumoja alifika na ngoma ya kwao na luga ya kwao. Ili waombane chumvi, walisema Kiswahili. Njo kule Bosco alipokulia.

Hapa tunaomba wazee watuvumilie. Mara mingi wanasema wakati ule ulikuwa wa zahabu: posho ilifika kila juma, masomo yalikuwa bure, hospitali ilikuwa na dawa. Ni kweli, kampuni ililisha wafanyakazi wake, maana mutu mwenye njaa hawezi kusukuma wagoni. Lakini ulikuwa pia wakati wa kiboko, wakati wa mutu mweusi kukatazwa kutembea usiku mu muji wa wazungu. Mwaka 1941, Bosco akiwa na miaka kumi na moja, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma juu ya mushahara. Hawakuwa na ruhusa ya kuunda sendika. Mwezi wa Desemba askari wakawapiga risasi, na watu wengi walikufa Élisabethville. Sisi wa sendika tunakumbuka tarehe zile kila mwaka. Hatuwezi kuzisahau siku ya kupiga disiki.

Kijana wa miaka 22

Gitare ilifika Katanga kwa njia ya reli, kwa njia ya wasafiri na ya maduka. Kwa vijana wa kambi ilikuwa kama telefone ya leo: kintu kipya, kinachong'aa, kinachovuta wasichana na kuchukiza wakubwa. Mutu aliyezoea ngoma za kijiji hakuona kwamba ule ni muziki wa haki. Ulikuwa muziki wa watoto wa muji waliosahau kwao. Wasomaji vijana wasikie vizuri: maneno mnayoambiwa leo, wakati wa Mwenda yaliambiwa vijana wa wakati ule.

Na kweli, masikio yake yalikula kila kintu. Alichukua miimbo ya kijiji, alichukua muziki wa Cuba uliofika mu disiki, alichukua gitare za filamu za cowboy zilizoonyeshwa kwa kambi. Yote hayo aliyatia mu chungu kimoja. Kilichotoka hakikuwa cha Cuba wala cha Amerika. Kilikuwa cha Jadotville.

Mwaka 1952 alifika muzungu mumoja, Hugh Tracey, aliyekuwa anatembea Afrika ya kusini na ya kati na mashini yake, akikamata sauti za watu. Alimukuta Mwenda pale Jadotville, kijana wa miaka 22 na gitare yake kavu, bila umeme, bila orkestre. Wimbo aliokamata siku zile unaitwa Masanga. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg ikautoa mu disiki, na disiki ikaenda mbali kuliko mwenyewe: Rhodesia, Kenya, Uganda, Tanganyika, hata Ulaya.

Tueleze kidogo namna alivyopiga, juu watoto wetu wengi hawajaona. Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mukono wa kuume: gumba na kile kinachofuata gumba. Gumba ilitembea kwa nyuzi nzito bila kusimama, kama mutu anayetwanga. Kidole cha pili kiliimba juu, kwa nyuzi nyembamba, na mara mingi hakikuangukia pale gumba ilipoangukia. Mutu aliyefunga macho aliweza kuapa kwamba kuna gitare mbili ndani ya nyumba. Na kila mara aliporudilia wimbo alibadilisha kintu, hapa kidogo, pale kidogo, hata wimbo ule ule haukuwa tena ule ule. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mualimu mumoja wa chuo cha London, David Rycroft, alikaa na disiki zile, akaandika noti kwa noti kila kintu mikono ile ilichofanya. Aliona kwamba haikuwa mambo ya bahati. Ilikuwa akili.

Disiki za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi kwa kila upande. Kwa hiyo ilipasa kusema mambo yako upesi. Mwenda aliimba juu ya maisha ya kila siku: bwana na bibi, mama na mwana, ndoa, safari, pombe, franga. Ni mambo ya nyumba yetu, na Kiswahili ni kile cha kambi, si cha kitabu.

Kutoka Likasi mpaka Amerika

Mwisho wa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi. Alipiga kwa radio, na wapiga gitare wa Kenya walikaza macho kwa vidole vyake. Ndugu yake Édouard Masengo, mutu wa Katanga pia, alipita njia ile ile. Mpaka leo, watu wa Kenya wakieleza namna gitare yao ilivyoanza, wanataja hawa wawili. Tuwaze kidogo: Wakenya wana muziki wao, wana fahari yao, lakini hawaone haya kusema kwamba mwalimu alitoka Katanga. Siye wenyewe wa Katanga hatumutaji.

Mwaka 1969 alisimama Newport, Amerika, kwa sherehe kubwa ya wapiga muziki wa kienyeji. Ni mwaka ule ule vijana wa Kinshasa walianzisha Zaïko na gitare za umeme. Kwa wakati ule Mwenda alikuwa tayari muzee wa muziki, na alikuwa na miaka 39 tu. Wakati wa Authenticité, mwaka 1972, majina ya kizungu yalipokatazwa, jina la Jean Bosco liliwekwa pembeni, Mwenda wa Bayeke likabaki. Mwaka 1979 kijana mumoja wa Uingereza, John Low, alisafiri mpaka Shaba, jina la jimbo letu wakati ule, kuja kujifunza kwa Mwenda, kwa Masengo na kwa Losta Abelo. Kisha akaandika kitabu juu ya safari ile, kikatoka mwaka 1982. Muzungu alitoka mbali kuja kukaa chini kwa kiti cha muzee wetu. Watoto wa jirani walikuwa wapi?

Mutu mwenye bulletin ya mushahara

Kuna jambo moja la maisha yake ambalo sisi wafanyakazi tunapaswa kulitazama kwa macho mawili. Mwenda, na sifa zote zile, hakuishi kwa gitare peke yake. Alifanya kazi kwa banki. Alifanya kazi kwa Gécamines. Aliongoza orkestre, alikuwa na biashara Lubumbashi, na alikuwa na otele upande wa mupaka wa Zambia. Gitare ilikuwa kazi ya jioni na ya safari.

Wazee wakilaumu muziki wa leo, lawama ya kwanza ni mabanga. Wanasema mwanamuziki wa leo haimbi tena, anataja tu majina ya wenye franga: mukubwa huyu, bosi yule, mheshimiwa fulani. Ni kweli, wimbo wa dakika nane unaweza kuwa na majina makumi mawili. Lakini tuulize sababu. Kijana anayetaja jina la bosi hana mushahara. Hana bulletin ya mwisho wa mwezi, hana mukataba. Wengi wa rika lake wanachimba kwa mikono mu mashimo ya cobalt, ao wanafanya kazi kwa kampuni ndogo inayofanya kazi ya kampuni kubwa, kwa mukataba wa miezi mitatu, na siku wanapougua hakuna anayewajua. Mwenda alipokaa chini na gitare yake jioni, chakula cha kesho kilikuwa kimeisha kupatikana. Hakuwa na deni la kutaja jina la mutu. Libanga ni njala inayoimba.

Hatusemi hii njo sababu moja tu. Wako wenye franga mingi wanaotaja majina hata hivi. Lakini wazee wakimulaumu kijana, wakumbuke kwamba wao walikuwa na kintu chini ya miguu ambacho yeye hana.

Septemba 1990

Mwenda alikufa mwezi wa Septemba 1990, kwa aksida ya motokari, kule Zambia. Alikuwa na miaka 60. Miaka miwili mbele, 1988, alikuwa amekwenda Cape Town, akarekodi tena nyimbo zake kwa studio nzuri. Disiki ile ilitoka ulimwenguni mwaka 1994, yeye akiwa tayari mu udongo.

Watu wa Kolwezi hawahitaji tuwaeleze Septemba 1990 ilikuwa nini. Mwezi ule ule mugodi wa Kamoto uliporomoka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufika 1994 haikutoa hata tani 50,000. Mishahara ikakatika, posho ikaisha, masomo na hospitali vikafuata. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoshwa na kile kilichoitwa kuondoka kwa mapenzi, wakapewa franga mara moja, wakaambiwa kwaheri. Wengi wa wasomaji wetu ni hao, ao ni watoto wao.

Sasa turudi kwa kesi. Tumesikiliza wazee miaka mingi, na tumeelewa kwamba muzee anayetetea disiki hatetei disiki peke yake. Wimbo ule ulikuwa unapigwa jioni, baba amerudi kazini, mufuko wa unga uko kwa pembe ya nyumba, watoto wamevaa viatu. Anapousikia, anasikia nyumba yake. Kijana anayemujibu kwa kiburi hajui kwamba anagusa kidonda. Na muzee anayemuambia kijana kwamba muziki wake ni makelele, hajui kwamba anamuambia maisha yake si maisha.

Lakini kilio cha kazi iliyopotea ni jambo moja, na hukumu ya muziki ni jambo lingine. Mwenda anatuonyesha hivyo. Masanga ilikamatwa mu muji ambamo mutu mweusi alihesabiwa kuwa mikono tu. Kampuni haikumufundisha gitare. Leta haikumununulia nyuzi. Wakati wenyewe ulikuwa mubaya kwa mambo mingi, lakini muziki ulikuwa muzuri, juu mikono ya mutu na masikio yake vilikataa kulala. Muziki muzuri haukutoka kwa wakati muzuri, ulitoka kwa watu. Na watu hawajaisha.

Tuangalie karindula. Vijana wa Lubumbashi na wa kambi nyingine wanachukua pipa ya mafuta, wanavalisha ngozi ya mbuzi, wanafunga nyuzi nne, na watu wanatoka nyumbani kuja kucheza. Wazee wengine wanaona ni mambo ya wahuni. Kijana wa Jadotville na gitare yake kavu alionwa vile vile. Kama Mwenda angekuwa mutoto leo, sisi tunaamini angekaa karibu na ile pipa.

Yaliyobaki kwetu

Shaba yetu inapanda malori, inapita Kasumbalesa, inakwenda. Tunajua mambo hayo, na tunapigana juu yake kila siku. Sauti ya Mwenda pia ilikwenda njia ile ile. Mutu anayetaka kusikia kazi ya Hugh Tracey leo, iko imechungwa vizuri Afrika ya Kusini, kwa nyumba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Tunawashukuru walioichunga. Lakini mutoto wa Likasi anaweza kumaliza masomo yote bila kusikia jina la Mwenda mara moja.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza, kwa wazee: kama uko na disiki, kama uko na kaseti, kama vidole vyako vinakumbuka, usiende navyo kaburini. Muite mujukuu, mupe gitare, muonyeshe gumba inapita wapi. Kumutukana hakumufundishi kintu. La pili, kwa vijana: telefone ile ile mnayoitumia kwa ndombolo inaweza kuwafungulia Masanga. Sikilizeni mara tatu, kisha mujaribu kupiga. Mutaona kama ni muziki wa kuchekwa. La tatu ni kwetu sisi wa sendika. Kila tarehe 1 Mei tunakodi sono, tunagombana kama itapiga rumba ao ndombolo, na siku inapita. Mwaka huu tuweke viti viwili mbele ya watu wote: kimoja cha muzee anayejua kupiga kwa vidole viwili, kimoja cha kijana na karindula yake. Wapige pamoja, watoto wa wafanyakazi wasikie.

Kesi ya wakati upi ulikuwa na muziki muzuri haitaisha, na si lazima iishe. Watu wakigombana juu ya muziki ni alama kwamba bado wanaupenda. Tunachotaka ni kwamba siku nyingine ikifunguliwa, mu bisi ao kwa kilio, mutu mumoja asimame aulize: na Mwenda wa Bayeke, mwana wa Bunkeya, mulimuweka wapi?